Taa ya Oili Inapowaka: Kipimo Kabla ya Spana Katika Gereji za Eldoret

Miongoni mwa taa zote zinazoweza kuwaka kwenye dashibodi ya gari, hakuna inayodai uamuzi wa haraka kuliko ile nyekundu yenye umbo la birika linalodondosha tone, ambayo humjulisha dereva kwamba oili haifiki ndani ya injini kwa nguvu inayotakiwa. Katika jiji la Eldoret, ambako magari madogo ya abiria, matatu za Kitale na Kapsabet na malori ya mahindi huishia kubanana kwenye barabara moja ya Uganda, taa hiyo si ngeni kwa madereva, lakini maelezo yanayotolewa kuihusu mara nyingi huwa ya kubahatisha: mwenye gari huambiwa kwamba ni swichi tu, kumbe beringi zimekwisha, au huambiwa kwamba injini imekufa, kumbe ni waya uliochubuka na kugusa chuma. Makosa hayo mawili hutofautiana sana kwa gharama, ila chanzo chake ni kimoja, nacho ni kushika spana kabla ya kushika geji.

Shinikizo la oili, au presha kama linavyoitwa gerejini, halitokani na pampu peke yake, na jambo hilo ndilo linaloongoza uchunguzi wote. Katika injini nyingi ndogo za Toyota, ikiwemo 1NZ-FE inayoendesha Probox na Fielder, pampu huzungushwa moja kwa moja na krankshafti, yaani mhimili mkuu unaopokea msukumo wa pistoni na kuugeuza kuwa mzunguko, na kazi ya pampu hiyo ni kusukuma kiasi fulani cha oili kwa kila duru. Shinikizo huzaliwa pale oili inapokutana na njia nyembamba za kutokea, kama vile maji ya mpira wa bustani yanavyoruka mbali mtu anapobana mdomo wa mpira kwa kidole gumba, na hupotea njia hizo zinapopanuka. Njia zenyewe ni nafasi zilizo kati ya krankshafti na beringi zake, ambazo si zile zenye gololi bali ni vipande laini vya metali vyenye umbo la nusu duara vinavyoukumbatia mhimili, na kwa kawaida upana wa nafasi hizo ni kati ya milimita 0.02 na 0.06. Kwa kuwa uvujaji katika nafasi nyembamba namna hiyo hukua kwa kipeo cha tatu cha upana wake, nafasi iliyopanuka mara mbili huvujisha oili takriban mara nane, na hivyo uchakavu ambao jicho haliwezi kuuona huweza kuishusha presha ya injini nzima.

Safari ya oili huanzia kwenye sampu, bakuli la chini ya injini, ambamo bomba lenye wavu mdomoni huinyonya na kuipeleka kwenye pampu; kutoka hapo hupita kwenye filta, huingia katika mkondo mkuu uliochimbwa ndani ya bloki, hulisha beringi za krankshafti na za konrodi, ile mikono inayoziunganisha pistoni na krankshafti, kisha hupanda hadi kwenye kemshafti, mhimili unaofungua valvu, tapeti na mnyororo wa taimingi kabla ya kuteremka tena sampuni kwa uzito wake wenyewe. Kando ya pampu kuna valvu yenye springi ambayo hufunguka shinikizo linapozidi kiwango na kurudisha oili ya ziada. Kila kituo katika safari hiyo kinaweza kuwa chanzo cha taa kuwaka, na ndiyo sababu taa moja hubeba maana nyingi kiasi hicho.

Kwamba krankshafti haigusani na beringi zake injini inapozunguka ni ugunduzi wa karne ya kumi na tisa. Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower, aliyekuwa akifanya majaribio ya beringi za ekseli za treni kwa niaba ya chama cha wahandisi wa mitambo cha nchi yake, alitoboa tundu juu ya beringi ili atie oili, akakuta oili inafurika kutoka humo humo tunduni. Alipoliziba, kizibo kikasukumwa nje. Miaka mitatu baadaye Osborne Reynolds aliyaeleza matokeo hayo kwa hesabu, akaonyesha kwamba mhimili unaozunguka huivuta oili katika nafasi inayozidi kuwa nyembamba na kujitengenezea utando wenye nguvu ya kuubeba. Shinikizo ndani ya utando wa beringi ya konrodi hufika makumi ya maelfu ya kilopaskali, ilhali pampu hutoa mamia machache tu. Kazi ya pampu, basi, si kuubeba mhimili bali kuhakikisha kwamba utando hauishiwi, na pale ulishaji unapokatika, metali hugusana na metali katika muda unaohesabiwa kwa sekunde, beringi ikayeyuka, na mwishowe konrodi ikaanza kugonga kwa ule mlio mzito unaowafanya mafundi waseme injini imenoki.

Taa yenyewe huwashwa na swichi ndogo iliyofungwa kwenye bloki, mara nyingi karibu na filta. Swichi hiyo ina kiwambo chembamba na springi: injini ikiwa imezimwa, springi huunganisha waya na chuma cha injini na taa huwaka mara ufunguo unapowashwa; injini inapoanza, oili husukuma kiwambo, muunganiko hukatika na taa huzimika. Swichi za magari mengi madogo hukatika na kuunganika kwenye shinikizo dogo sana, takriban kilopaskali 20 hadi 50, ambazo ni sawa na pauni 3 hadi 7 kwa inchi ya mraba, kipimo ambacho geji nyingi za gerejini hukitumia. Hapa pana jambo ambalo kila mwenye gari angepaswa kulijua. Kwa injini kama 1NZ-FE, kitabu cha ufundi hudai angalau kilopaskali 29 injini ikinguruma taratibu gari likiwa limesimama, na kati ya 150 na 550 injini ikifika mizunguko 3,000 kwa dakika. Taa ikiwaka gari likiwa mbioni, maana yake ni kwamba injini iliyostahili kupata 150 au zaidi imebaki na 30 hivi, yaani imepoteza takriban nne kwa tano ya kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa. Taa hii haitoi tahadhari ya mapema, na dereva anayesema atafika kwanza Burnt Forest ndipo aangalie huwa amekwisha kuamua hatima ya injini yake.

Mazingira ya Eldoret yana mchango wake katika jambo hili, ingawa si kwa namna ambayo wengi hudhani. Jiji liko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kutoka Nakuru hupanda hadi zaidi ya mita 2,700 karibu na Timboroa kabla ya kuliteremkia. Hewa nyepesi ya huko juu haiishushi presha ya oili moja kwa moja, kwa sababu pampu haitegemei hewa, lakini hufanya mambo mawili ya pembeni yenye uzito. Kwanza, injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 20 ya nguvu zake katika mwinuko kama wa Eldoret, hivyo dereva wa gari lililojaa hulazimika kushuka gia na kuizungusha injini kwa kasi kubwa na kwa muda mrefu. Pili, maji katika mwinuko huo huchemka kwa takriban nyuzi 93 za selsiasi badala ya 100 za Mombasa, na kinachozuia maji ya rejeta yasichemke ni mfuniko wake unaohifadhi shinikizo. Mfuniko ukichakaa, pengo kati ya joto la kawaida la injini, ambayo thermostati zake nyingi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 88, na joto la kuchemka huwa dogo mno. Injini inayopata joto kupita kiasi huipasha oili pia, na oili ikipata joto hupoteza mnato, yaani ule ukinzani wake wa kutiririka: oili ya kawaida ya 10W-40 hupungukiwa na mnato karibu mara saba inapotoka nyuzi 40 hadi 100. Ndiyo maana taa inayowaka baada ya mlima wa Timboroa huenda ikaanza kuchunguzwa kwenye mfuniko wa rejeta na feni kabla ya kwenye pampu ya oili.

Barabara ya kutoka Iten kuelekea Kabarnet hutoa mtihani wa aina nyingine. Gari huanzia mita 2,400 hivi, huteremka kwa kona kali kupitia Tambach hadi katika Bonde la Kerio, kisha hupanda tena Milima ya Tugen. Oili ikiwa pungufu, kila breki huisukuma mbele ya sampu na kila kona huipeleka ubavuni, na mdomo wa bomba la kunyonyea hubaki hewani kwa muda mfupi. Pampu hunyonya hewa, taa humetameta kisha ikazimika gari linaponyooka. Dereva anayeiona taa ikimetameta kwenye kona tu ana habari njema kiasi, maana dalili hiyo huelekeza kwenye upungufu wa oili kuliko kwenye uchakavu, mradi asiendelee kuteremka hivyo hadi chini.

Hatua ya kwanza, basi, ni ya dereva wala si ya fundi, nayo ni kulitoa gari barabarani mahali salama na kuizima injini papo hapo, bila kuiacha ingurume ili kusikiliza. Baada ya dakika tano hadi kumi, gari likiwa mahali tambarare, oili iliyokuwa juu huwa imeteremka, na ndipo dipstiki, kile kijiti cha kupimia kina cha oili, huchomolewa, kufutwa, kurudishwa hadi mwisho na kuchomolewa tena. Mambo matatu husomwa hapo: kimo cha oili kati ya alama mbili, hali yake na harufu yake. Oili iliyogeuka weupe imeingiwa na maji ya rejeta, pengine kutokana na gasketi ya hedi iliyoungua. Iliyo juu ya alama ya mwisho na inayonuka petroli au dizeli imeingiwa na mafuta ya kuendeshea, ambayo huipunguzia mnato kiasi cha kuishusha presha hata kama bakuli limejaa. Kimo kikiwa chini, huongezwa oili ya daraja lile lile, huangaliwa chini ya gari kama kuna uvujaji, kisha injini huwashwa: taa isipozimika ndani ya sekunde chache, injini huzimwa tena na gari huvutwa hadi gerejini. Magari ya gia za otomatiki yanayosukumwa na magurudumu ya mbele hayafai kukokotwa kwa kamba masafa marefu, kwa kuwa gia zake nazo hutegemea pampu ya oili isiyofanya kazi injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo magurudumu ya mbele hayana budi kuinuliwa.

Upungufu wa oili unastahili maelezo zaidi, kwa sababu huzua hasara kubwa kwa uzembe mdogo. Injini ya 1NZ-FE hubeba lita 3.7 pamoja na filta. Ikiwa ringi za pistoni zimechoka na injini inachoma nusu lita kwa kila kilomita 1,000, kiasi ambacho hakitoi moshi wa kuonekana waziwazi, basi dereva anayefuata kwa uaminifu ratiba ya sevisi ya kilomita 5,000 huwa amepoteza lita 2.5 kabla ya kurudi gerejini, na injini yake imekuwa ikizunguka kwa lita 1.2 zilizobaki. Safari nane za kwenda Nairobi na kurudi, kwa umbali wa takriban kilomita 310 kila upande, zinatosha kulifikisha gari hapo. Magari mengi yaliyomo barabarani Kenya yaliingia yakiwa yametumika Japani, kwa kuwa kiwango cha KS 1515 cha shirika la viwango, KEBS, huruhusu magari yenye umri usiozidi miaka minane, na mnunuzi huwa hajui oili ilibadilishwaje katika miaka hiyo minane. Kuchomoa dipstiki kila wiki hakugharimu kitu, na hakuna sevisi inayoweza kuchukua nafasi yake.

Oili ikiwa ya kutosha na taa bado inawaka, kazi humhamia fundi, na hapo ndipo utaratibu unapotenganisha ufundi na ubahatishaji. Sikio lina nafasi yake: mlio mwepesi wa juu huashiria tapeti zinazokosa oili, na mlio mzito wa chini unaoongezeka gari linapobeba mzigo huashiria konrodi. Injini inayogonga kwa chini haipaswi kuwashwa tena kwa majaribio yoyote. Injini isiyo na mlio, ambayo taa yake inawaka bila kubadilika iwe baridi au moto, humshawishi fundi aanze na umeme. Katika magari yenye swichi ya waya mmoja, waya huo huchomolewa ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa: taa ikizimika, waya ni mzima; ikiendelea kuwaka, mahali fulani njiani waya umechubuka na unagusa chuma. Jaribio hilo huchukua dakika moja, lakini halithibitishi kwamba injini ina presha. Huthibitisha tu kwamba waya hausemi uongo.

Uthibitisho hutolewa na geji ya mkono. Swichi hufunguliwa, na mahali pake hufungwa mpira wa geji kwa kiungio chenye nyuzi zinazolingana, ambazo katika magari mengi ya Kijapani ni za inchi 1/8 na katika mengi ya Ulaya ni za milimita 10. Kiungio kisicholingana huharibu nyuzi za bloki, kwa hiyo hakifai kulazimishwa. Injini huwashwa na presha husomwa mara tatu: ikiwa baridi, ikiwa imepata joto na inanguruma taratibu, na ikiwa na joto kwenye mizunguko 3,000. Namba moja peke yake haitoshi, kwa sababu maelezo hupatikana katika namna namba hizo zinavyoandamana. Presha iliyo nzuri asubuhi, ikashuka sana injini inapopata joto, kisha ikapanda vizuri injini inapoongezwa mwendo, husimulia habari ya beringi zilizopanuka au oili nyepesi kupita kiasi. Presha iliyo chini kila wakati na isiyopanda hata injini ikizungushwa huelekeza kwenye pampu iliyochakaa au valvu ya kurudishia oili iliyokwama ikiwa wazi. Presha inayoanza vizuri kwenye mizunguko ya juu kisha ikaporomoka mwendo ukiwa ule ule huelekeza kwenye wavu wa kunyonyea ulioziba, kwa maana pampu inataka zaidi ya kile kinachoweza kupita. Na presha ikiwa ya kutosha katika hali zote tatu wakati taa inawaka, swichi ndiyo mgonjwa, na mwenye gari huenda nyumbani akiwa ametumia fedha kidogo.

Wavu wa kunyonyea una historia mbaya katika mikono ya mafundi wenye haraka. Sampu inapofungwa kwa silikoni badala ya gasketi, kiasi kinachozidi hujikunja upande wa ndani, hukatika vipande na kuelea hadi kwenye wavu, na gari lililoingia gerejini kwa ajili ya uvujaji mdogo hurudi baada ya majuma machache likiwa na taa nyekundu. Silikoni inahitaji uzi mwembamba usiokatika na muda wa kukauka kabla ya oili kumiminwa, na fundi anayempa mteja gari baada ya robo saa hamtendei haki. Katika injini za dizeli za Toyota za aina ya 1KD-FTV zenye ujazo wa lita 3, zinazopatikana katika Prado, Hilux na baadhi ya HiAce, chanzo kingine kimejulikana kwa miaka mingi: vipete vya shaba vilivyo chini ya injekta vikipoteza uwezo wa kuziba, gesi za mwako hupenya hadi chini ya mfuniko wa valvu, masizi huchanganyika na oili, na vipande vigumu vyeusi huteremka na kuufunika wavu. Turbo, ambayo mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando wa oili tu, ndiyo huumia mapema. Mwenye HiAce ya kubeba abiria anayekagua vipete hivyo mapema huikinga injini nzima kwa kubadilisha vitu vya bei ndogo.

Kwa hiyo geji ikishasema kwamba presha kweli ni ndogo, sampu hushushwa kabla ya kununuliwa spea yoyote. Filta ya zamani hukatwa na karatasi yake kukunjuliwa juu ya gazeti, na tope la sampuni huchunguzwa: chembe zinazovutwa na sumaku ni za chuma, huenda za pampu au mnyororo, zenye kung'aa kwa weupe ni za aluminiamu, zenye rangi ya shaba humaanisha kwamba tabaka la juu la beringi limelika hadi la chini yake. Sampu safi yenye wavu safi huielekeza kazi kwenye pampu, ambayo hufunguliwa na nafasi zake kupimwa kwa fila geji, na kwenye valvu, ambayo mara nyingine hurudiwa na uhai kwa kusafishwa na kubadilishiwa springi.

Beringi zikiwa ndizo zenye lawama, uamuzi huwa mzito. Kuzibadilisha bila kupima krankshafti ni kupoteza fedha, kwa kuwa mhimili uliochimbika au uliopoteza uduara utazila mpya pia. Njia sahihi ni kuupeleka mhimili kwa mchongaji mwenye mashine, usagwe kwa milimita 0.25 au 0.50, kisha zifungwe beringi nene za kipimo hicho, na nafasi ithibitishwe kwa uzi wa plastiki unaobanwa na kupimwa upana wake. Wengi huona nafuu kununua injini ya mtumba kutoka Japani, na kwa gari la kawaida hesabu hiyo mara nyingi ni ya busara, mradi injini hiyo nayo ipimwe kwa geji kabla ya malipo na namba yake ibadilishwe katika kumbukumbu za mamlaka ya usafiri na usalama, NTSA, la sivyo hati ya gari na chuma kilichomo havitakubaliana siku ya kuliuza.

Kuna njia ya mkato inayostahili kuelezwa kwa uwazi, yaani kumimina oili nzito ili taa izimike. Katika mpangilio wa viwango vya SAE, ambamo namba inayofuatwa na herufi W huonyesha tabia ya oili ikiwa baridi na namba ya pili huonyesha mnato wake kwenye nyuzi 100, oili ya 50 huwa na mnato wa milimita za mraba 16.3 hadi 21.9 kwa sekunde, ilhali ya 30 huwa na 9.3 hadi 12.5. Kuhama kutoka 5W-30 hadi 20W-50 kutaipandisha presha bila shaka, ila presha hupanda kwa sababu oili inakataa kupita, na asubuhi za Eldoret ambazo joto hushuka hadi nyuzi 10 hivi, oili hiyo huchelewa kufika kwenye kemshafti na kwenye mifumo ya kubadilisha taimingi yenye vijia vyembamba. Kwa injini kuukuu ambayo mwenyewe ameamua kuitumia hadi mwisho, akiwa ameelezwa ukweli, oili nzito kidogo ni msaada wa muda unaokubalika. Kinachochukiza ni kuiweka kimyakimya na kuiita matengenezo, au kibaya zaidi, kukata waya au kung'oa taa kwenye dashibodi ili gari lipate mnunuzi. Anayenunua gari lililotumika ana kinga rahisi: awashe ufunguo bila kuwasha injini na aitafute taa nyekundu ya oili, ambayo ni lazima iwake; isipowaka, asiwe na haraka ya kutoa fedha.

Ukosefu wa kipimo hautokani na ukosefu wa akili. Mafundi wa jua kali walio katika mitaa kama Langas na Huruma hujifunza kwa kushika, na wengi wana masikio na mikono ambayo darasa haliwezi kuitengeneza. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, huwapa nafasi ya kufanya mitihani ya madaraja ya ufundi bila kupitia chuoni, na chuo cha kitaifa cha ufundi anuwai kiko hapo hapo Eldoret. Geji ya oili ni kifaa kidogo kisicho ghali kikilinganishwa na injini moja iliyofunguliwa bila sababu. Wateja nao wana wajibu, kwa maana fundi anayelipwa kwa spea anazobadilisha peke yake, asilipwe hata kidogo kwa saa aliyopima na kugundua kwamba hakuna cha kubadilisha, ana kila sababu ya kubadilisha kitu. Hali ni ngumu zaidi kwa dereva wa matatu mwenye hesabu ya siku ya kumpelekea tajiri, kwa kuwa kuzima injini njiani humgharimu yeye kwanza; mwenye gari anayetaka injini yake idumu hana budi kutamka mapema kwamba siku taa hiyo ikiwaka, hesabu haitadaiwa.

Baada ya matengenezo, injini haiwashwi tu na gari kuondoka. Pampu iliyofunguliwa hujazwa oili kabla ya kufungwa ili iweze kunyonya, filta mpya hutiwa oili kwa kadiri inavyokaa, kisha injini huzungushwa kwa stata mafuta ya kuendeshea yakiwa yamekatwa, kwa vipindi vifupi, hadi taa izimike, na hapo ndipo huruhusiwa kuwaka. Geji hubaki imefungwa hadi injini ipate joto, na namba zote tatu huandikwa kwenye kadi ya sevisi pamoja na aina ya oili na kilomita za siku hiyo, ili fundi atakayefuata awe na cha kulinganisha. Oili ya zamani hutiwa kwenye mtungi wenye kifuniko na kukabidhiwa kwa wanaoikusanya, si kumwagwa kwenye mitaro inayoteremkia mto Sosiani. Injini iliyofungwa beringi mpya hubadilishwa oili na filta baada ya kilomita 500 hadi 1,000, filta hiyo nayo ikikatwa na karatasi yake kukunjuliwa, kwa sababu chembe za shaba zikionekana tena wakati huo, krankshafti bado inaweza kuokolewa.